Usiende Butiama na Viatu Vipya

Kila mwaka watu wazima na akili zao hupanda gari kwenda Butiama wakiamini kwamba wanakwenda kutazama nyumba ya Mwalimu Nyerere. Wanabeba maji, biskuti na simu iliyojaa chaji, wanapiga picha mbili tatu, halafu jioni unawaona wamekaa garini kimya kama watoto waliokutwa na kitumbua cha mgeni mdomoni. Hakuna aliyewaonya. Mimi nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nimerudi na maumivu: ya kwanza ya miguu, ya pili ya mahali pasipopakwa dawa. Maelekezo haya basi ni ya mgeni asiyejijua. Anayejijua aende tu, ataona mwenyewe.

Tuanze na miguu, maana ndiyo inayokufikisha. Safari ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi nilivyonunua Mwanza siku moja kabla, vyeusi, vya kamba, vya mtu anayekwenda nyumbani kwa rais. Hata Magu sijafika nilishajua nimekosea. Butiama ni nchi ya mawe. Mwitongo, mahali lilipo boma la ukoo, pamezungukwa na mawe makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani, na pimbi wanaota jua juu yake bila kulipa kiingilio. Nikawa nachechemea toka jiwe hadi jiwe. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alinitazama toka kichwani mpaka nilipoishia, akasema, "Pole, mwanangu. Hivyo ni vya kwendea bungeni." Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Vaa kandambili, au katambuga, au raba iliyokwisha kukuzoea.

Njia haina fumbo. Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Musoma: Magu, Lamadi, Bunda, Serengeti ikiwa mkono wa kulia na ziwa likichungulia kushoto, mpaka Kiabakari, hapo unaiacha barabara kuu na kukata kulia kilomita 10 na ushee. Ukitoka Musoma ni karibu zaidi, kilomita 40 na kitu. Ila nakuomba jambo moja: usilalamike njiani. Usiseme mmebanana, usiseme mgongo, usiulize zimebaki ngapi. Mwenye nyumba unayokwenda kuiona alipelekwa Mwisenge, mjini Musoma, kuanza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, na njia hiyo unayoinung'unikia ukiwa umekaa, yeye aliikanyaga. Na kama hilo halijakunyamazisha, basi jua kwamba Oktoba 1967 mtu huyo huyo, sasa akiwa rais wa nchi, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, kilomita zaidi ya 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Rais. Kwa miguu. Wewe unauliza kama Hiace ina kiyoyozi.

Ukifika, kabla ya yote, elewa kwamba unakwenda mahali pawili. Kuna makumbusho, ambayo ni ya serikali, chini ya Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Hapo utalipia kiingilio, na kwa kuwa serikali siku hizi haipendi kushika noti, uje na simu yenye salio na subira ya kungoja ile namba ya malipo ambayo sote tunaiita kontroli namba. Kisha, hatua chache kutoka hapo, kuna Mwitongo, penye nyumba na makaburi, na Mwitongo ni kwa watu. Ni nyumbani. Unaweza kukuta nguo zimeanikwa na kuku wanaparua. Mgeni wa mjini, aliyezoea kwamba makumbusho ni kioo na karatasi iliyoandikwa usiguse, hupita moja kwa moja mpaka dirishani, akaweka viganja pembeni mwa macho na kuchungulia ndani. Ndugu yangu, piga hodi. Toa shikamoo, hata kwa yule ambaye hujui kama mnalingana umri. Shikamoo iliyozidi haijawahi kumuumiza mtu. Subiri ukaribishwe. Picha uliza kwanza. Ukiambiwa hapa hapapigwi, rudisha simu mfukoni na usianze kueleza kwamba una wafuasi wengi.

Baada ya hodi huja majina, na hapa ndipo wajanja wengi huteleza. Mgeni amekua akidhani kwamba Nyerere lazima ni hekima, au simba, au angalau mkuki. Anaambiwa kwamba kwa Kizanaki nyerere ni viwavi. Baba yake Mwalimu alizaliwa kipindi viwavi walipovamia nchi, akaitwa hivyo, Nyerere mwana wa Burito, akakua akawa chifu wa Wazanaki. Usicheke. Na kama huwezi kujizuia, nenda kacheke nyuma ya jiwe. Mtoto aliyezaliwa 13 Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi, kisha jina likabadilishwa kuwa Kambarage, la mzimu wa mvua, kwa sababu siku hiyo mbingu zilifunguka. Kutembea hakuacha hata alipobadilishiwa jina, Mwanza ni shahidi. Julius alilipata kwenye ubatizo mwaka 1943, na miaka 20 baadaye akakaa chini akamtafsiri Julius mwenzake, yule wa Shakespeare, huku akiongoza nchi ambayo haikuwa na uhaba wa kazi nyingine za kumpa rais. Mimi hufurahi sana nikikumbuka kwamba uwanja wetu mkubwa wa ndege, hifadhi ya taifa iliyokatwa kutoka Selous, na bwawa la Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, vyote vimepewa jina la mdudu anayekula mahindi. Lile bwawa lingefaa kuitwa Kambarage. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Jihadhari pia na hadithi uliyoibeba kutoka darasani, ya mtoto wa fukara aliyetoka gizani. Mzee Nyerere Burito alikuwa na wake 22. Mama yake Kambarage, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa 5. Huyu alikuwa mtoto wa chifu, ingawa mtoto wa chifu mwenye wake 22 naye huchunga mbuzi kama wengine na kusubiri zamu yake ya kuonekana na baba. Baba alipofariki mwaka 1942 uchifu ulikwenda kwa kaka yake Kambarage, Wanzagi. Kisha nchi ikajitawala, na mwaka 1963 serikali iliyoongozwa na mdogo mtu ikaufuta uchifu Tanganyika nzima, wa kwa jirani na wa nyumbani kwao. Hebu fikiria kikao cha ukoo kilichofuata. Mimi nikikata umeme wa shemeji kwa sababu hajalipa bili, nitaambiwa sina utu mpaka nife.

Ndani ya makumbusho kinachomsumbua mgeni ni macho yake mwenyewe, yanayotafuta dhahabu. Nilikuwa nyuma ya kundi moja la wageni kutoka mjini, na kijana mmoja, mpole kabisa, alizunguka vyumba vyote, akatazama picha za Mwalimu akicheka na watu ambao karibu wote sasa ni marehemu, akatazama zawadi alizopewa huku na huko, akarudi mlangoni akamuuliza mwongoza wageni: "Na vile vya thamani viko wapi?" Mwongoza wageni alikuwa amekwisha kuulizwa swali hilo. Ilionekana usoni. Akajibu kwamba ndivyo hivyo. Kijana akatazama tena, polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba ameketi juu ya funguo anazozitafuta.

Kama ni magari unataka, nenda Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na ukiwa huko pitia Magomeni, nyumba aliyoishi wakati wa kudai uhuru nayo imehifadhiwa. Butiama ni kwa mtu anayependa karatasi. Mzee alikuwa msomaji. Alimtafsiri Shakespeare mara mbili, Kaizari na Mabepari wa Venisi. Aliziandika Injili kwa tenzi. Alimgusa hata Plato. Niliposimama pale nikikumbuka hayo nilijaribu kuhesabu vitabu nilivyomaliza mwaka ule. Nikabadilisha mawazo, nikaenda kuangalia vigoda.

Hapa niingize onyo dogo ambalo halimo katika kipeperushi chochote. Mwalimu alipenda bao, na alipostaafu alilicheza na wazee wa kijijini. Ukiona wazee wana ubao kivulini, salimia, tazama, sifu, ondoka. Usikubali kukaa. Watakwambia wewe kijana umesoma, hebu tuoneshe. Utaanza kunamua kwa kujiamini, utaona kete zako zinatakata vizuri, na kabla hujajua kulikoni nyumba yako imeliwa, na mzee aliyeila anakuuliza habari za Dar kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikaa. Bado nahisi wale wazee wananikumbuka, na si kwa makala zangu.

Sasa tufike kwenye nyumba, kwa kuwa ndizo ulizofuata. Alistaafu urais mwaka 1985, akabaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, akarudi huku kulima. Nyumba ya kwanza si kubwa. Ya pili alijengewa na jeshi, na hiyo ina ukubwa wa kuonekana, lakini aliingia humo mwaka wake wa mwisho. Hakukaa sana, akasafiri kwenda London kutibiwa, na alirudi ndani ya jeneza. Hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko mawe. Mgeni husimama mbele ya ile ya kwanza, akaanza kuhesabu madirisha. Halafu, bila kutumwa, anahesabu ya kwake. Kisha anahesabu ya mkurugenzi wake, ya diwani wake, ya yule jamaa aliyekuwa ofisa wa ugavi miaka mitatu tu na sasa ana ghorofa na uzio wa umeme. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Nimeupa jina la homa ya kulinganisha, na dalili zake hukaa siku tatu au nne: mgonjwa akiona shangingi la serikali linapita na ving'ora, hujikuna. Akisikia neno posho, anapoteza hamu ya kula. Anaanza kuwasimulia watu wa nyumbani kwamba mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa, Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao, na akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Watu wa nyumbani wanaomba abadilishe stesheni.

Dawa ya homa hii haijapatikana, ila kuna watu wenye kinga. Utawatambua kwa msafara. Wanafika Butiama karibu na tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, au mwaka wa uchaguzi, wa chama tawala na wa upinzani, waliomo na waliohama juzi. Hata Halmashauri Kuu ya CCM ilikwenda kukaa Butiama Machi 2008, na mawe yale yakaona magari ambayo hayajayaona tena kwa wingi huo. Hawa husimama mbele ya nyumba ile ile ndogo na hawahesabu kitu. Wanavua miwani ya jua, wanainama kaburini, wanaweka shada, wanageukia maikrofoni, na hapo utasikia neno ambalo nakuonya usilihesabu ukiwa umepanga kumnunulia mwenzako soda kwa kila mara litakapotajwa: kuenzi. Tutamuenzi. Tunaendelea kumuenzi. Ni wajibu wetu kumuenzi kwa vitendo. Nilimaliza kreti. Kisha milango minane ya mashangingi inafungwa kwa mlio mmoja laini, na vumbi likitulia anabaki mlinzi, sisi, na pimbi.

Simaanishi kwamba wote ni waongo. Wapo wanaokwenda wakalia kweli, na wapo waliokwenda na rozari. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumwombea Mwalimu atangazwe mwenye heri, na Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu, kwa hiyo utakuta mtu amepiga magoti mahali ulipotaka kusimama upigwe picha. Mpishe. Wala usimwulize kama mtakatifu anaweza kuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, ingawa sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1962 na iliwakumba watu wenye majina na watoto. Swali ni halali. Mahali ndipo si pake.

Safari ya pili nilikwenda na shangazi yangu. Alikuwa ameomba kwa miaka, na mimi, nikiwa na kandambili safari hii na elimu yangu ya mara ya kwanza, nilijiona mwenyeji. Nikampa maelekezo yote: usilalamike, piga hodi, usicheke viwavi. Hakunisikiliza. Alilalamika kuanzia Bunda. Alicheka viwavi mpaka akashika mbavu. Kwenye nyumba ya kwanza alichungulia dirishani na viganja pembeni mwa macho, na aliyemkuta pale, badala ya kumfokea, alimletea kiti.

Kaburini alibadilika. Mwalimu amelala na wazazi wake karibu, na shangazi alisimama mbele ya mzee Nyerere Burito na mama Mugaya kwanza, akawasalimu kama unavyowasalimu wakwe, ndipo akaja kwa mtoto wao. Akafunga kanga vizuri kiunoni. Akaangalia tarehe, 14 Oktoba 1999, akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Nikataka kumshika mkono, akanizuia. Halafu nikamsikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kuongea na jirani ng'ambo ya ua:

"Mwalimu, nimekuja. Lakini ulisema miezi 18."

Wasomaji wadogo nitawaeleza. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979 na Idi Amin kukimbia, hazina ilikuwa tupu, na Mwalimu aliwaomba Watanzania wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ikafungwa. Miezi 18 ikapita, ikaja 18 mingine, na mingine. Shangazi alikuwa na watoto wanne. Alipanga foleni alfajiri kwenye duka la ushirika akiweka jiwe kushika nafasi yake, akarudi saa sita akiwa na nusu kipande cha sabuni. Alipika unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na mpaka leo ukimwekea makande ya mahindi ya njano atakusukumia sahani. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, alikuwa na vitenge viwili alivyoletewa na mtu kutoka mpakani, akavizika chini ya mwembe. Alipovifukua mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Mwanamke huyu huyu ana picha ya Mwalimu sebuleni kwake, juu ya saa, na anaifuta vumbi kila Jumamosi. Mwalimu mwenyewe, alipokaribia kustaafu, alikiri kwamba kuziua serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Shangazi hakuhitaji kuambiwa. Foleni alikuwamo.

Niliwatazama waliokuwa pale kaburini, nikidhani mtu atakasirika. Mlinzi alikuwa ameinamisha kichwa. Mama mmoja aliyekuwa na rozari aliacha kusali, akamgeukia shangazi, akamwuliza: "Nyie mlikuwa mnapanga wapi?" Shangazi akamtajia. "Sisi tulikuwa RTC," mama akasema, akimaanisha ile kampuni ya biashara ya mkoa, na wakakaa kwenye ukingo wa sakafu wakaanza kuhesabu vitu ambavyo havikuwapo: chumvi, viberiti, betri za redio, nepi. Walicheka. Walifuta macho kwa ncha za kanga. Kisha shangazi akanyanyuka, akapanga vizuri maua yaliyokuwa yameegemea upande, akanyoosha shada moja la mheshimiwa lililokuwa limeanguka kifudifudi, akasema tuondoke, ana safari.

Mgeni asiyejijua atauliza sasa achukue upande gani: wa rozari, wa foleni, au wa kuenzi. Sijui nikujibu nini, ila usijaribu kumrekebisha mtu kama shangazi katikati ya sentensi, na ukimwona mtu anamkaripia marehemu huku akimpangia maua, jua hajachanganyikiwa. Mchanganyikiwa ni yule asiye na la kumwambia.

Tulipata Hiace ya kwenda Kiabakari iliyojaa hadi mlangoni. Shangazi alipewa kiti, mimi nikasimama nimeinama na kandambili zangu. Pale Kiabakari akaona duka, akaniambia nisimamishe mambo yangu, akaingia akanunua sukari kilo mbili. Hapakuwa na foleni. Alilalamikia bei mpaka Bunda.